Nne ya Luanda, Nne ya Maseno

Kutoka soko la Luanda katika Kaunti ya Vihiga hadi Maseno katika Kaunti ya Kisumu ni mwendo mfupi kwa matatu, mfupi zaidi kwa bodaboda ya mtu mwenye haraka. Hata hivyo, mwalimu wa Gredi ya 5 wa upande mmoja na mwenzake wa upande wa pili wanaweza kufundisha miaka 10 bila kuwahi kukaa pamoja na kazi za wanafunzi wao zikiwa mezani. Zoni zao ni tofauti, maafisa wao wa mtaala ni tofauti, na hata makundi yao ya WhatsApp ni tofauti. Kinachokutana ni alama wanazotoa. Zote huingizwa katika mfumo mmoja wa mtandaoni wa Baraza la Kitaifa la Mitihani, KNEC, na humo nne ya Luanda, kiwango cha juu kabisa kati ya vinne vya tathmini ya darasani, huhesabiwa kuwa sawa na nne ya Maseno, ingawa walimu waliozitoa hawajawahi kuulizana walitumia kipimo gani.

Hilo ndilo pengo ambalo mafunzo ya walimu kuhusu tathmini, pamoja na likizo na fedha zote zilizotumika tangu Mtaala wa Umilisi uanze kutekelezwa kote nchini Januari 2019, hayajaliziba. Walimu wamefundishwa vyombo vya tathmini: jedwali la viwango, orodha hakiki, potifolio, maswali dadisi, na hatua za kupakia alama kwenye mtandao. Nafasi ambayo hawajapewa ni ya kukubaliana, wakiwa na madaftari halisi mbele yao, kazi iliyofikia matarajio inafanana na nini. Waraka unaweza kutaja kiwango, lakini kiwango chenyewe huundwa na watu waliotazama kazi zile zile, wakabishana, kisha wakaafikiana.

Chini ya mfumo wa 8-4-4 ulioanza mwaka 1985, pengo hili lilikuwa na madhara machache kwa mtoto. Majaribio ya darasani yalikuwa ya shule yenyewe, na mwalimu aliyekuwa mkarimu au mchoyo wa alama alimfurahisha au kumkasirisha mzazi hadi mwisho wa muhula tu. Uamuzi ulifanywa na KCPE, mtihani wa mwisho wa shule ya msingi, ambayo ilifanywa kwa mara ya mwisho mwaka 2023 na watahiniwa zaidi ya milioni 1.4. Sasa mambo yamebadilika. Katika KJSEA, mtihani wa Gredi ya 9 uliofanywa kwa mara ya kwanza mwaka 2025, asilimia 60 ya alama hutokana na mtihani wenyewe, asilimia 20 hutokana na KPSEA, mtihani wa Gredi ya 6, na asilimia 20 nyingine hutokana na tathmini za shuleni za Gredi ya 7 na ya 8. Matokeo hupangwa katika viwango 8, cha juu kabisa kikiwa na pointi 8 na cha chini kabisa pointi 1, na pointi hizo husaidia kuamua mtoto ataingia sekondari pevu ipi na katika mkondo upi: wa sayansi na teknolojia, wa sayansi za jamii, au wa sanaa na michezo. Kundi la kwanza liliingia Gredi ya 10 Januari 2026. Asilimia 20 huonekana ndogo mpaka mzazi akumbuke jinsi nafasi katika shule zinazogombaniwa zinavyogawanywa kwa tofauti ndogo za pointi.

Tutazame tatizo lenyewe kwa karibu. Tuseme wanafunzi wawili wa Gredi ya 5 wameandika insha kuhusu siku ya soko. Wa kwanza anaanza hivi: "Nilirauka alfajiri na mapema majogoo yalipokuwa yakiwika. Nilikoga, nikastaftahi, kisha nikashika njia mguu mosi mguu pili kuelekea sokoni. Hewa ilikuwa shwari na ndege walikuwa wakitumbuiza kwa nyimbo tamutamu." Hana kosa hata moja la tahajia. Insha inaendelea hivyo hivyo kwa ukurasa mzima, na soko lenyewe linapofika halina bidhaa, halina bei, wala halina mtu mwenye sura. Wa pili anaandika: "Mama aliniambia nishike mfuko wa sukuma vizuri na nisiangalie watu wa mitumba. Mimi nikaangalia. Mwenye mitumba alikuwa anapiga makofi akisema mia, mia, na mfuko ukatoka kwa mkono, sukuma ikaenda chini ya gari ya Busia. Mama hakunichapa. Alinyamaza mpaka nyumbani na hiyo ilikua mbaya zaidi." Ameandika "ilikua" badala ya "ilikuwa", ameandika "ukatoka kwa mkono" badala ya "ukanitoka mkononi", na amesahau kugawa aya.

Mpe mwalimu wa kwanza insha hizi mbili. Kwake ya kwanza ni nne, imezidisha matarajio, kwa kuwa mtoto ana msamiati, ana tamathali na ana mwandiko safi. Ya pili ni mbili, inakaribia matarajio. Mpe mwalimu wa pili, naye atasema ya kwanza imekaririwa kutoka kwenye kitabu cha insha za mfano na haina hata sentensi moja ambayo mtoto ameifikiria mwenyewe, ilhali ya pili ina tukio, ina hisia na ina mwisho ambao hata mtu mzima angejivunia. Kila mmoja ataonyesha jedwali lile lile la viwango kutetea uamuzi wake, na kila mmoja atakuwa na hoja. Mimi binafsi niko upande wa mwalimu wa pili, na nadhani insha za kukariri zimeua vipaji vingi katika shule zetu kuliko ukosefu wa vitabu. Lakini maoni yangu hayana uzito wowote katika mfumo wa alama kama mwalimu wa upande wa pili wa mpaka hayajui wala hajapata fursa ya kuyapinga.

Jedwali lenyewe haliwezi kuwaamulia. Yeyote aliyesoma miundo ya mtaala anajua jinsi viwango vinne vinavyoelezwa. Aliyezidisha matarajio hufanya jambo fulani kwa urahisi na pengine huwaelekeza wenzake. Aliyefikia matarajio hulifanya jambo hilo. Anayekaribia matarajio hulifanya kwa kiasi. Aliye mbali na matarajio hulifanya kwa kusaidiwa. Kinachotofautisha viwango hivi ni vielezi, na vielezi havina mizani. Mwalimu mwenye wanafunzi 35 katika mtaa tulivu wa Kisumu na mwalimu mwenye wanafunzi 80 katika shule ya uwanda wa Kano, ambako mafuriko hufunga shule kwa wiki kadhaa, husoma neno "kwa urahisi" kila mmoja akiwa na darasa lake akilini. Kwa huyu wa pili, mtoto anayeandika aya tatu zinazosomeka ni nyota wa darasa na atapata nne. Kwa yule wa kwanza, mtoto huyo huyo ni wa kawaida. Hakuna kati yao anayedanganya. Kila mmoja hupima kwa kulinganisha, na watoto pekee anaoweza kulinganisha nao ni walio mbele yake.

Mafunzo yaliyotolewa yalikuwa na umbo ambalo halingeweza kutatua jambo hili. Yalishuka ngazi kwa ngazi: wakufunzi wa kitaifa waliwafunza maafisa wa mashinani, maafisa wakawafunza walimu katika kumbi zilizojaa wakati wa likizo, kwa siku chache, na walimu waliohudhuria wakatarajiwa kuwaeleza wenzao waliobaki. Kila ngazi ilipunguza kitu. Kilichovumilia safari kutoka juu hadi chini ni kile kinachoweza kubebwa na slaidi: maana ya istilahi, umbo la fomu, tarehe ya mwisho ya kupakia alama. Kisichobebwa na slaidi, yaani ule uamuzi wa kusema hii ni tatu na ile si tatu na sababu yake ni hii hapa kwenye mstari wa nne, kilianguka njiani, na sidhani kama kilipangwa kubebwa tangu mwanzo. Mwalimu aliondoka akijua kujaza jedwali. Aliporudi darasani na kukuta potifolio za watoto zimerundikana, alifanya kile ambacho mtu yeyote angefanya: alitumia jicho alilopewa na 8-4-4, akageuza alama za zamani kuwa viwango vipya, na kazi ikaisha.

Mafunzo ya aina nyingine yamewahi kufanyika nchini, na yakafaulu vizuri zaidi. Mpango wa Tusome, ulioenea katika shule za msingi za umma kuanzia mwaka 2015, ulijishughulisha na usomaji katika madarasa ya mwanzo. Maafisa wa mtaala walipewa tableti, wakaenda madarasani, wakaketi nyuma wakimtazama mwalimu akifundisha, kisha wakamwita mtoto mmoja mmoja asome kwa dakika moja huku wakihesabu maneno. Kiwango kilikuwa wazi: mtoto wa darasa la pili anayesoma kwa ufasaha alitarajiwa kusoma maneno 45 sahihi kwa dakika katika Kiswahili na 65 katika Kiingereza, tofauti ambayo haimshangazi mtu aliyewahi kulinganisha urefu wa neno "hawakutuambia" na tafsiri yake ya vipande vipande. Mwalimu wa Mumias na mwalimu wa Muhoroni walikuwa na kipimo kimoja kwa sababu walihesabu kitu kimoja kwa muda ule ule wa dakika moja, na kwa sababu mtu yule yule aliyewafunza alirudi kuona wanavyofanya. Bila shaka uandishi, majaribio ya sayansi na miradi ya kilimo haviwezi kuhesabiwa kwa dakika. Hapo panahitajika kitu cha kufanya kazi ambayo saa ilifanya katika usomaji, nacho tunacho tayari, ila tumekifungia mahali pamoja mwisho wa mwaka.

Kila KCSE, mtihani wa mwisho wa sekondari, inapomalizika, maelfu ya walimu wa sekondari hukusanyika katika vituo vya kusahihishia. Mtu asiyewahi kufika huko hudhani kwamba wanapewa mwongozo wa kusahihishia, wanaanza kazi, na wanalipwa kwa kila karatasi. Malipo ni kweli, na malalamiko kuhusu malipo ni ya kweli zaidi. Lakini kabla ya karatasi ya kwanza ya mtahiniwa kupewa alama rasmi, kuna siku za kuoanisha usahihishaji. Mtahini mkuu huleta rasimu ya mwongozo, na rasimu hiyo hupitiwa swali kwa swali ikilinganishwa na majibu halisi ya watahiniwa, kwa maana watahiniwa siku zote hujibu kwa njia ambazo mtungaji wa swali hakuziota. Kisha kila mtahini husahihisha nakala za karatasi zile zile peke yake, na alama husomwa kwa sauti. Hapo ndipo utamu ulipo. Huyu ametoa 14, yule ametoa 9, na wa tatu, mwalimu mkongwe anayeheshimiwa katika kaunti yake yote, ametoa 17. Kila mmoja hulazimika kutetea alama yake kwa kuweka kidole kwenye mstari wa mtahiniwa. Wapo wanaobadilisha msimamo kwa sababu wameshawishika, na wapo wanaobadilisha kwa kuwa wamechoka, lakini baada ya karatasi kadhaa tofauti hupungua. Anayeendelea kutofautiana na wenzake hurudishwa mezani na kiongozi wa kikundi. Hata baada ya kazi kuanza, kiongozi huyo hupitia sehemu ya karatasi za kila mtahini ili kuhakikisha mkono haujateleza.

Waulize walimu wa sekondari ni mafunzo gani yaliyowabadilisha zaidi katika kazi yao, na wengi watakutajia kituo cha kusahihishia kabla ya kukutajia semina yoyote. Mwalimu aliyetoka huko hurudi akiwa na jicho jipya. Anajua jibu la alama mbili linatofautianaje na jibu la alama nne, na anaweza kumwonyesha mwanafunzi tofauti hiyo kwenye daftari lake mwenyewe. Shule zinalijua hilo kiasi kwamba mwalimu mtahini amekuwa bidhaa: hualikwa kila Juni na Julai kuzungumza na watahiniwa wa shule nyingine, hulipwa, na huondoka kwenda shule inayofuata. Shule yenye fedha humpata kwa siku nzima. Shule ya kutwa kule Seme au Nyakach humsikia kupitia kwa jirani. Ujuzi ulioandaliwa chini ya baraza la umma unauzwa rejareja, na wasioweza kuununua ndio wanaouhitaji zaidi.

Sioni sababu ya msingi kwa nini kuoanisha kuwe ni haki ya Kidato cha 4 pekee. Mwalimu wa Gredi ya 5 anatoa uamuzi ulio mgumu kama ule wa mtahini wa KCSE, na kwa maoni yangu ni mgumu zaidi, kwa maana mtahini ana swali moja au machache na mwongozo uliopimwa, ilhali mwalimu huyu ana mradi wa kilimo, igizo la darasani, ramani ya kata na insha ya soko katika wiki moja. Zaidi ya hayo, KPSEA, tangu ilipoanza mwaka 2022, imekuwa na karatasi 5 za maswali ya kuchagua jibu. Insha, ambayo katika KCPE ilikuwa na karatasi yake yenye alama 40, sasa iko mikononi mwa mwalimu wa darasa karibu kabisa. Stadi ambayo mtihani wa taifa hauipimi tena ndiyo ile ile ambayo walimu wawili hutofautiana zaidi kuihusu. Sijui mtu angewezaje kupanga udhaifu kwa ustadi kuliko huu.

Wapo wanaosema dawa ni kurudisha mtihani wa mwisho uamue kila kitu, kwa kuwa mwalimu akiachiwa alama atazipandisha. Hofu yao ina msingi. Mwalimu mkuu hapendi kuonekana na shule yenye viwango vya chini. Mzazi humtengenezea mtoto kikapu usiku, au humlipa fundi wa soko la Kibuye mjini Kisumu akitengeneze, na mwalimu huletewa kazi ambayo anajua kabisa haikufanywa na mikono ya umri wa miaka 10. Mfumo wa KNEC hufungwa tarehe fulani, intaneti ya shule haipo, na alama za watoto 70 huingizwa kwa simu usiku au kwa kompyuta ya saiba mjini, baadhi yake kutoka kichwani. Katika sekondari msingi, Gredi ya 7 hadi ya 9, hali ni mbaya zaidi. Mwalimu aliyesomea Historia na Dini hukuta amepewa pia Kilimo na Sanaa, na hutakiwa kutathmini umilisi wa fani ambayo yeye mwenyewe aliiacha akiwa Kidato cha 2. Lakini mtihani wa mwisho hauondoi matatizo haya. Huyaficha mpaka Novemba. Na tulishaona unachozaa: mitihani ya kununua kila wiki, mitihani ya majaribio (moko) juu ya mingine, masomo ya alfajiri, na orodha za washindi ambazo Waziri Jacob Kaimenyi alizipiga marufuku mwaka 2014 na ambazo shule ziliendelea kuzichapisha kwenye mabango ya barabarani.

Jimbo la Queensland nchini Australia linatoa mfano unaofaa kutazamwa bila kulitukuza. Liliacha mtihani wa nje wa mwisho wa sekondari mwanzoni mwa miaka ya 1970 na kwa zaidi ya miaka 40 liliwategemea walimu watoe alama, kwa sharti kwamba sampuli za kazi za wanafunzi zipitiwe na jopo la walimu wa shule nyingine. Jopo liliweza kuiambia shule kwamba kazi hizi hazifikii daraja mlilozipa, na shule ilipaswa kujibu. Jimbo hilo limerudisha mtihani wa nje kwa wanafunzi walioanza mwaka wa 11 mnamo 2019, ukibeba asilimia 25 katika masomo mengi na asilimia 50 katika hisabati na sayansi, kwa hiyo si kweli kwamba jopo la walimu linatosha peke yake kwa kila kusudi. Hata hivyo, sehemu iliyobaki, ambayo ni kubwa, bado ni kazi ya shuleni, na bado hukaguliwa na walimu wenzao. Kenya imechukua nusu ya kwanza ya mpango wa aina hiyo, yaani alama ya mwalimu kuhesabiwa, na kuiacha nusu inayoipa alama hiyo uzito.

Nyanda za magharibi hazingekuwa zikianza kutoka patupu. Mradi wa SMASSE wa kuimarisha ufundishaji wa hisabati na sayansi, ulioanza mwaka 1998 kwa ushirikiano na Japani, ulifanyiwa majaribio katika wilaya 9, na Kakamega, Butere-Mumias na Lugari zilikuwa miongoni mwake. Walimu waliopitia mradi huo hukumbuka chakula, hukumbuka malumbano kuhusu marupurupu, lakini hukumbuka pia kwamba walitakiwa kupanga somo, kulifundisha mbele ya wenzao, kuonyeshwa lilipoharibika na kulirekebisha. Walishika kitu kwa mikono. Nao walimu wa msingi wana desturi ya mitihani ya pamoja ya zoni, ambapo karatasi hubadilishwa kati ya shule na kusahihishwa kwa pamoja. Desturi hiyo imetumika zaidi kutafuta nani wa kwanza, lakini gari lipo. Linahitaji kupelekwa mahali pengine.

Kinachokosekana ni mwalimu kuhesabiwa saa zake. Tume ya Huduma kwa Walimu, TSC, ilizindua mwaka 2021 mpango wa ukuzaji wa taaluma wenye moduli 6 za miaka mitano mitano, ukitolewa na taasisi 4, kwa ada ya hadi Sh6,000 kwa mwaka kutoka mfukoni mwa mwalimu. Vyama vya walimu viliupinga na suala likafika mahakamani. Mjadala ulihusu nani alipe, na ni mjadala halali, kwa maana mwalimu mwenye mkopo wa chama cha akiba na karo za watoto haoni kwa nini anunue ruhusa ya kuendelea na kazi aliyoajiriwa kuifanya. Lakini swali la nini kinanunuliwa liliulizwa kwa sauti ndogo. Kama TSC ingekubali kwamba alasiri mbili kila muhula ambazo mwalimu amekaa na wenzake wakioanisha alama kwa kazi halisi za wanafunzi ni sehemu ya ukuzaji wake wa taaluma, na ikaziandika hivyo katika rekodi yake, sehemu kubwa ya ugomvi wa ada ingepungua kwa kuwa gharama ingepungua.

Vikao hivyo havihitaji ukumbi wa hoteli. Vinahitaji eneo moja la kujifunza kwa wakati mmoja, tuseme uandishi katika Gredi ya 5. Nakala za insha 12 zilizotolewa majina ya watoto na ya shule. Walimu wasiozidi 15, wakiwemo wa shule za kibinafsi za mitaa kama Manyatta na Nyalenda, ambazo watoto wao huingia katika hesabu ile ile. Na mtu mmoja aliyewahi kuwa mtahini, atakayeendesha kikao na kuzuia wakubwa wasiwanyamazishe wadogo. Kila mmoja atoe alama peke yake kwanza, kabla ya mtu yeyote kusema neno, kwa maana mwalimu mkuu akishatamka "hii ni nne" mezani hapatatokea mbili. Panapokuwa na tofauti, paandikwe sababu iliyoimaliza, kwa sentensi moja au mbili, na insha hiyo ihifadhiwe pamoja na sentensi zake. Baada ya mihula mitatu zoni itakuwa na faili la mifano ambalo mwalimu mgeni anaweza kulisoma kwa jioni moja. Mara moja kwa mwaka, faili za zoni jirani zibadilishwe, hata kama kati yao kuna mpaka wa kaunti.

Jambo moja linaweza kuuharibu mpango huu hata ukipangwa vizuri kiasi gani. Tangu mwaka 2016 walimu wamekuwa wakitathminiwa kupitia mfumo wa TPAD, na wamejifunza kwamba kila karatasi yenye jina lao inaweza kurudi kuwauma. Mwalimu akihisi kwamba alama aliyotoa kwenye kikao, ikionekana kuwa mbali na za wenzake, itaingia katika faili lake la utendakazi, atangoja asikie wenzake wanasema nini, aandike hiyo hiyo, na kikao kizima kitageuka mchezo wa kuigiza wa watu wanaokubaliana. Kwa hiyo TSC inapaswa kutamka kwa maandishi kwamba kinachorekodiwa kuhusu mwalimu ni mahudhurio yake pekee, na kwamba afisa wa mtaala anahudhuria kama mwalimu mwingine mezani, akitoa alama zake na kuzitetea kama wengine. Waraka wa namna hiyo ungetosha ukurasa mmoja, na ungeweza kutolewa kabla ya muhula wa pili kuanza.